Naomba ushauri: Dantzig au Kantorovich kwa kidato cha nne?

Wakuu habarini, nafundisha hesabu hapa Mwanza na tupo kwenye linia programingi (hesabu za kupata faida kubwa au gharama ndogo zaidi pale vitu vinapokuwa na kikomo), nataka vijana wawajue walioianzisha. Nimeshawasimulia George Dantzig, yule aliyechelewa kipindi akakopi maswali mawili ubaoni akidhani ni homuweki kumbe hayajawahi kupata jibu, akayafanya, halafu 1947 akaja na simpleksi, yaani njia ya hatua kwa hatua ya kupata majibu ya hesabu hizi, darasa lilichangamka kweli. Ila Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad huko Urusi ya Kisovieti, 1939, aliyeanza na kugawa kazi kwenye mashine za plaiwudi, ndo namuona yuko karibu na maisha yetu. Nimetunga swali la boti ya sangara na dagaa toka Ukerewe hadi mwaloni Kirumba, bado halijakaa sawa.

Nianze na Kantorovich? Na mnaosafirisha samaki, kinachowabana zaidi ni nafasi, barafu au mafuta?