Tupeane uzoefu: mwanga wa usiku umekukera wapi, na ulifanyaje?

Wadau habari za usiku. Hizi taa tunazivumilia tu ila zinatumaliza. Nianze mimi. Nje ya dirisha langu walitoa taa ya zamani ile ya njano wakaweka LED nyeupe pee, wiki ya kwanza nilifurahi naona mpaka sisimizi barabarani, wiki ya pili usingizi unakuja saa nane. Nikaweka pazia zito, chumba kikawa tanuri. Mwisho nikaandika barua, sikuomba wazime, niliomba waizibe upande wa nyumba tu. Miezi mitano kimya, siku hiyo wakaja na kibati saizi ya kiganja, dakika kumi wamemaliza na barabara inawaka vilevile. Haya nyie?

---

Mkuu mi nakiri nilikuwa mkosaji. Gari yangu ilikuja na balbu za H4 za kawaida, zile za halojeni zenye kauzi kanakowaka ndani, nikachomoa nikatia LED, naona mbali kama mchana, sasa nashangaa kila ninayepishana naye ananipiga fulu. Nikamweka mdogo wangu kwenye usukani nikasimama mbele kama mita 50, aisee nilifunika uso. Kumbe ile refleka, kale kabakuli kanakong'aa nyuma ya balbu, imepigiwa hesabu ya uzi wa halojeni, LED mwanga wake hautokei palepale kwahiyo unamwagika juu kwenye macho ya watu. Nimerudisha za wati 55, naona pungufu kidogo ila situkanwi tena.

---

Na kabla hujalaumu balbu cheki kale kaswichi ka 0 mpaka 3 pembeni ya usukani, kanainua na kuinamisha taa za mbele. Ukipakia mzigo nyuma gari inanyanyua pua, taa zinaangalia mawingu. Miaka minne nilidhani ni ka redio 😂

---

Samahanini lakini mimi ni dada natoka kazini usiku, mkianza kusema taa zipunguzwe roho inaruka. Ila niseme ukweli, kuna geti moja wana taa kali imeelekezwa njiani, siku moja kulikuwa na mtu amesimama nyuma yake pale na sikumwona mpaka nimemfikia, macho yameshapofuka. Kwahiyo mi sitaki giza, nataka taa iangalie chini sio usoni kwangu.

---

Dada umemaliza. Flagstaff kule Marekani walianza kubana taa kwa sheria tangu 1958 sababu ya wanaotazama nyota, na 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kwa kulinda giza la anga, na watu wanatembea usiku kama kawaida. Ukiwa na sauti kwenye mtaa wako omba pia balbu za kelvini 3000 kushuka chini (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), zile za njano njano, maana mwanga wenye bluu nyingi ndo unaotawanyika sana hewani na ndo unaochelewesha usingizi.

Kwangu umeme ulikatika eneo zima, tukakaa nje kama nusu saa hivi macho yakazoea, mwanangu wa miaka tisa akauliza ule moshi juu unatoka wapi. Njia ya Maziwa hiyo, ule ukanda wa nyota nyingi angani, hajawahi kuiona maisha yake yote.

---

Mdau wa kaswichi, 0 ndo juu au chini?

---

0 juu, 3 chini kabisa. Ukiwa peke yako kwenye gari acha 0.