Magemu ya mdundo yenye vituko: je, tunayadharau bure?

Mleta mada: Wakuu, hili linanikera siku nyingi. Yakitajwa magemu ya mdundo, yale ya kubonyeza vitufe kwa kufuata muziki, watu hukimbilia Guitar Hero ya 2005 na gitaa lake la plastiki, na yale yenye vituko huitwa ya watoto. Napinga. Hayo ya ajabu-ajabu ndiyo yanayokufundisha kusikiliza.

Chukueni Vib-Ribbon ya PlayStation, 1999. Sungura wa mistari myeupe anatembea juu ya uzi kwenye skrini nyeusi, basi. Lakini gemu zima hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo unatoa diski yake, unaweka CD yako ya muziki, nalo linaunda vikwazo kutokana na wimbo huo. Ukikosea sana, sungura anakuwa chura, kisha mnyoo. Wimbo unaoujua tangu utotoni unakushinda, ndipo unagundua hukuwahi kuusikiliza vizuri!

Au Rhythm Tengoku ya Game Boy Advance, 2006: unang'oa nywele kwenye kitunguu chenye uso. Nywele zinaota kwa mdundo, kisha wewe unazing'oa kwa mdundo uleule. Fumba macho, bado utaweza. Ukikodolea alama zinazoshuka kwenye skrini, kama ilivyo kwa lile la gitaa, unasoma kwanza, masikio yanafuata.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, kituko si ubora. PaRappa the Rapper, lile la mbwa anayerap kwa kumfuatisha mwalimu, ina hatua 6 tu, jioni moja umemaliza. Tena kwenye televisheni za kisasa picha inachelewa: nimebonyeza sawasawa, naambiwa nimekosa. Mtu alipe kwa hilo?

Mleta mada: Hilo la kuchelewa nakubali, linaua kabisa gemu la mdundo. Hatua 6 sikubali. Kufika mwisho ni jambo dogo. Jaribu kupata alama ya "Cool": lazima uache mistari uliyopewa, uongeze mibonyezo yako mwenyewe bila kutoka kwenye mdundo, hadi mwalimu aondoke akuachie jukwaa. Mimi hatua ya kwanza tu nairudia kama mtu anavyorudia wimbo anaoupenda.

Mchangiaji wa pili: Kama ni mazuri hivyo, mbona soko liliyakataa?

Mleta mada: Lipi liliyakataa? Rhythm Tengoku halikuwahi kuuzwa nje ya Japani. Vib-Ribbon lilifika Marekani 2014, miaka 15 baadaye. Walaji hawakuonjeshwa, mkuu.