Tairi la lori la kukodi limenipasukia njiani na familia ndani, halafu wananikata mimi pesa!

Wakuu, nimefika juzi na hasira bado haijashuka.

Nilikodi lori la kuendesha mwenyewe ili nihamishe nyumba nzima, safari ya kilomita 900 na ushee. Nililiwekea oda wiki tatu kabla. Siku ya kulichukua nikaambiwa ukubwa nilioomba haupo, nichukue dogo au niache. Nikachukua, maana nyumba nilishakabidhi funguo. Hilo nimelimeza.

Nisilolimeza ni matairi.

Walinikabidhi lori saa 12 jioni, giza linaingia, na karatasi ya kusaini kwamba nimelikagua na liko sawa. Nikalizunguka na tochi ya simu, nikapiga picha mikwaruzo, geji ya mafuta na kilomita. Matairi niliyaona yana kashata nzuri, yaani meno yake hayajalika. Ila nyuma yamefungwa mawili mawili, na lile la ndani hulioni vizuri mpaka ulale chini ya gari. Sikulala chini. Nani alinifundisha?

Kilomita kama 400 hivi nikasikia mshindo, lori likayumba kushoto. Mke wangu na mtoto tumekaa nao mbele. Namshukuru Mungu sikukanyaga breki kwa nguvu. Niliukaza usukani, nikaachia mafuta, likapungua mwendo lenyewe mpaka pembeni. La ndani lilikuwa limechanika vipande vipande, na mwenzake amebaki kubeba mzigo wa mawili. Tairi la akiba hakuna! Namba ya dharura waliyonipa ilipokelewa, tukasubiri saa tano barabarani na mtoto analia.

Fundi aliyekuja ndiye aliyenifumbua macho. Ubavuni mwa tairi kuna mstari wa herufi na namba unaoanza na DOT, na namba nne za mwisho ndizo za tarehe: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Letu lilisomeka 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. Mpira umejaa nyufa. Kashata zipo kwa sababu lori linakaa yadi muda mrefu kuliko linavyotembea, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Kuna watengenezaji wanaosema kabisa tairi likifika miaka 10 litolewe, hata kama kwa macho ni zima. Hili lilipachikwa ndani, pasipoonekana, likapewa mtu mwenye familia.

Nimerudisha lori, wamekata kwenye dhamana yangu bei ya tairi jipya PAMOJA na siku mbili ambazo lori halikufanya kazi. Sababu? Eti nilizidisha uzito. Mmelipima wapi? Friji na mashine ya kufulia niliviweka mbele kabisa karibu na kabini, vyepesi nyuma, kama inavyotakiwa. Nikabisha, wakanitolea ile karatasi: ulisaini. Na bima niliyoilipia kwa ziada haigusi matairi, vioo wala paa la bodi. Imeandikwa ukurasa wa nne kwa herufi za sisimizi, na pale kaunta hakuna aliyenitamkia.

Mwenye lori anao mafundi, anayo jeki, anayo kumbukumbu ya kila tairi alilonunua. Mimi nimepewa dakika kumi gizani. Inakuwaje ukaguzi wake uwe kosa langu? Na lile lililobaki zima, fundi alilisoma, nalo ni la mwaka huohuo. Lori liko yadi sasa hivi linasubiri mteja mwingine.

Picha za namba zote mbili ninazo, na fundi amekubali kuniandikia alichokiona. Kuna mtu humu aliyewahi kurudishiwa dhamana baada ya kusaini karatasi ya ukaguzi? Ulianzia wapi, kwao tena au moja kwa moja kwa wanaosimamia haki za walaji? Nataka kuanza kesho asubuhi.