Kipindi cha hadithi za watoto kimeondolewa, na likizo ndiyo kwanza imeanza

Asalaam alaikum ndugu wanajukwaa.

Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, binti yangu wa miaka minane alirudi kutoka madrasa hapa Kisauni, akavua viatu mlangoni na kukimbilia mkekani kusubiri kipindi chake cha hadithi. Akakuta mieleka. Kituo hakikuwa kimetoa taarifa yoyote, hata katika yale maandishi yanayopita chini ya skrini. Nilipopiga simu nilijibiwa kwamba watoto wa siku hizi hawapendi vitabu, na kwamba wenye matangazo wanataka kipindi chenye watazamaji.

Hilo la watoto kutopenda vitabu ndilo lililonichoma. Kabla ya kipindi hicho, binti yangu alikuwa akisoma kwa kuogopa mtihani tu. Mtangazaji alikuwa akisoma kitabu huku picha zikionyeshwa ukurasa baada ya ukurasa, kisha akikifunga pale hadithi inapokolea. Siku ya hadithi ya mvulana aliyechukuliwa na mkondo akiwa ndani ya ngalawa, alikifunga mvulana angali katikati ya mawimbi, na binti yangu akalia. Jumatatu yake nilivuka naye daraja la Nyali kwenda mjini kukitafuta. Maduka mawili hayakuwa nacho; la tatu lilikuwa na nakala moja, jalada limepauka kwa jua la dirishani. Alikifungua ndani ya matatu, na tuliposhuka Kisauni alikuwa amekimaliza na kukianza upya. Tangu hapo anasoma kila chenye maandishi, hata vipande vya magazeti vinavyofungiwa mahamri. Juzi aliniuliza habari fulani iliishaje, kwa kuwa karatasi ilikuwa imechanika katikati.

Huyo ndiye mtoto asiyependa vitabu?

Mambo haya si mageni duniani. Mwezi wa Julai 1983, shirika la televisheni la PBS la Marekani lilianza kurusha Reading Rainbow, kipindi kilichoongozwa na LeVar Burton, yule yule ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa kuigiza Kunta Kinte, kijana Mwafrika aliyeuzwa utumwani, katika tamthilia ya Roots. Kilianzishwa makusudi wakati wa likizo ndefu, kwa sababu walimu walikuwa wakiona watoto wanavyorudi darasani wakiwa wamesahau kusoma. Hakikufundisha herufi, kazi ambayo kipindi kingine cha watoto, Sesame Street, kilikuwa kikiifanya tangu 1969. Chenyewe kilimtia mtoto hamu: kitabu kilisomwa, Burton akaenda mahali panapohusiana na hadithi, na mwishoni watoto wenyewe wakasimama mbele ya kamera kuwapendekezea wenzao vitabu walivyovipenda. Zilitengenezwa sehemu 155, nazo ziliendelea kurudiwa hadi 2009, zilipokosa fedha baada ya wafadhili kuelekeza nguvu katika kufundisha namna ya kusoma badala ya sababu ya kusoma. Kwa maoni yangu walikosea, maana mtoto anayejua kusoma lakini hana hamu hufunga kitabu siku anayomaliza mtihani.

Wao waliona likizo kuwa ndiyo saa ya kumpa mtoto hadithi. Kituo chetu kimeiona kuwa saa ya kumnyang'anya. Wala tusiambiwe kwamba vipindi vya watoto kwa Kiswahili havina wenyewe, kwani Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014 na imevuka mipaka kuja hadi huku kwetu. Na kama tatizo ni fedha za kutengeneza vipya, vya zamani si vipo? Mtoto haoni uchovu wa kusikiliza hadithi ile ile mara kumi. Mieleka nayo ihamishiwe baada ya Isha, wanaoipenda wataikuta.

Ninachoomba kwenu wazazi wa Likoni, Changamwe, Kongowea na kwingineko ni hiki: andikeni hapa chini umri wa mtoto wenu na jina la kitabu alichokitaka baada ya kutazama kipindi kile. Alhamisi usiku nitachapisha orodha yote, na Ijumaa asubuhi nitaipeleka kituoni kwa mkono wangu na kusubiri hadi mhusika atoke aipokee. Binti yangu ameshaandika vitabu vyake vinne kwenye karatasi ya daftari, na ameniagiza hiyo karatasi iwe ya kwanza.