Ngome ya Mkama Ndume Pujini: ijengwe upya au iachwe hivyo hivyo?

FundiChokaa: Assalaam alaykum wanabaraza. Juzi nilikwenda Pujini, huku Pemba, harusini, baada ya kula nikasema ngoja nikaitizame ngome ya Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani, maana sijafika tangu tulipopelekwa na skuli. Wallahi iliniuma. Mizizi imeingia ndani ya ukuta imesukuma mawe nje, kichaka mpaka kifuani, na mbuzi wamelala pale pale kwenye kisima. Ngome ya karne ya 15 hii jamani, Mreno hajatia mguu bado, na mwambao mzima hatujui nyengine ya zama zile iliyojengewa boma kubwa namna ile. Hoja yangu ijengwe upya. Ila kwa mawe na chokaa, si simenti, kwa sababu simenti inaziba, maji na chumvi vinabaki ndani ya jiwe halafu jiwe lenyewe linaanza kumumunyuka, nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye nyumba za Mji Mkongwe. Mnasemaje?

Bintiwete: Waalaykum salaam kaka. Mie sitaki ijengwe. Kwani hujui jina lake lina maana gani? Ni mkamuaji wa wanaume. Bibi yangu Mungu amrehemu akitwambia watu walikuwa wanabebeshwa mawe huku wanajiburura kwa matako, kusimama hakuna, anayesimama anapigwa. Sasa tutoe pesa tumjengee tena nyumba mtu kama yule? Iache ianguke.

FundiChokaa: Dada hatumjengei yeye, tunawatunzia watoto wetu waone.

Kaskazi_A: Mnajisumbua bure, kwani mlijenga nyinyi? Ile ni kazi ya Washirazi, watu wanaosemwa walitoka Uajemi. Wapemba kazi yenu ilikuwa kubeba mawe, kama alivyosema dada hapo juu.

MtuWaMtambwe: Haya sasa. Kaskazi_A hebu rudi usome ulichoandika. Yaani sisi wa kubeba tu? Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo tu maji yakitoka unavuka kwa miguu, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na dinari chache za dhahabu za Mafatimi, watawala wa Misri wa zama zile. Za fedha ni ndogo sijui nikwambieje, tizama ukucha wa kidole chako cha mwisho, kama hivo, nyembamba, na zina majina ya watawala wa huku huku, Ali bin al-Hasan na wengineo, pamoja na maneno ya kumtegemea Mungu. Karne ya 11 hiyo. Watu wanapiga sarafu zao wenyewe halafu wewe unanambia wabebaji!!

Kaskazi_A: Ali bin al-Hasan ndo Mpemba huyo? Hahaha. Si ndo yule yule Sultani Mshirazi aliyekuja Kilwa na majahazi saba. Umenisaidia hoja.

MtuWaMtambwe: Na wewe unaitwa nani nyumbani kwenu, si jina la Kiarabu? Umekuja na jahazi la ngapi?

Mwl_Mstaafu: Vijana punguzeni moto. Jina la Kiislamu halikwambii mtu katokea wapi, likikwambia hivo basi Unguja nzima ni wageni. Na huyo wa majahazi saba ni hadithi ya Kilwa, iliandikwa baadae sana. Kufanana jina na mtu wa kwenye sarafu hakutoshi kusema ni mmoja, wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Kaskazi_A: Mwalimu heshima yako, lakini sayansi ishasema. Ule utafiti wa DNA wa 2023 uliotoka Marekani, walipima mifupa ya Waswahili wa zamani wakakuta damu ya Kiajemi. Sijasema mie.

Mwl_Mstaafu: Umeusoma nusu mwanangu. Walipima watu 80, na walichokikuta ni kwamba upande wa mama karibu wote ni Waafrika na upande wa baba wengi wana asili ya Uajemi, na mchanganyiko umeanza kiasi cha mwaka 1000. Sasa mama ndo mwenye nyumba, ndo anayefundisha mtoto kusema, na lugha ikabaki hii tunayoandikia hapa, haikuwa Kiajemi. Pia mifupa ile ni ya Mtwapa, Manda, Kilwa na kwengineko huko mwambao wa Kenya na Tanganyika. Pujini haimo. Mtambwe haimo. Huwezi kuchukua maiti wa Mtwapa ukamfanya shahidi wa ukuta wa Pujini.

Bintiwete: Ahsante mwalimu!! Na tukisema wanawake, mbona hamtaji kile kisima? Kimejengewa ukuta katikati. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili hawapatani, mmoja akishuka kwa ngazi kuchota, mwengine anateremsha ndoo kwa kamba upande wa pili, wasionane. Nilikwenda na bibi nna miaka tisa, akachukua ubani akauweka kwenye jiwe, akanishika mkono akanambia usiseme kwa sauti hapa. Mpaka leo nikipita njia ile nasema pole pole. Ndo maana nasema mkiijenga mkaweka na tiketi na duka la soda mnaua kitu.

FundiChokaa: Dada mwanzo ulisema iache ianguke, sasa unasema tutaua kitu?

Bintiwete: Vyote viwili nnavisema na vyote nnavimaanisha. Yule bwana simtaki, kisima nnakitaka.

MakutaniBoy: Nyie Pemba, Pemba, Pemba. Tumbatu, kisiwa chetu kaskazini ya Unguja, mnaijua? Pale Makutani kuna mji mzima wa mawe, msikiti, majumba, na Yaqut, mwanajiografia wa zamani, kautaja kwenye kitabu chake karne ya 13 kuwa watu wa Tumbatu ni Waislamu. Hakuna aliyetufungulia mada.

DimbaniKwetu: Mkitaka ukongwe njooni Kizimkazi, kusini ya Unguja, msikiti una maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya mwaka 1170.

Mwl_Mstaafu: 1107, sheikh wangu. Mwaka 500 wa Hijra.

DimbaniKwetu: Naam 1107, vidole viliteleza. Yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe na watu wanasali mle mpaka leo, Alhamdulillahi. Nimesali Ijumaa nyingi mbele ya yale maandishi, jua la asubuhi likiingia ubavuni herufi zinasimama kama zimechongwa jana.

MakutaniBoy: Na pale Fukuchani, Unguja kaskazini, wakubwa wetu wanapaita nyumba ya Mreno, nyumba ya Waswahili ile, ya karne ya 16. Kila jiwe zuri lazima tumtafutie mgeni wa kumpa. Hii tabia inaniudhi kuliko kichaka cha Pujini.

Kaskazi_A: Mie sikumpa mgeni, Washirazi ni babu zangu. Babu yangu mzaa baba akijiita Mshirazi mpaka anakufa na hakuwahi kuiona Iran, Mshirazi wa hapa. Mnanigeuza adui wa nini?

MtuWaMtambwe: Kama ni babu zako wa hapa basi ndo hao hao wetu, kwa nini ulisema "nyinyi mlibeba"? Hilo neno ndo nnalotaka ulifute. Mengine yote tutakwenda sawa.

FundiChokaa: Jamani ndugu zangu, nakuombeni. Kuta. Masika ikipiga tena ule upande wenye mizizi utakuja chini na mawe yake watu watayasomba kujengea mabanda, nimeyaona mengine yashapungua. Hata kama hatujengi, angalau mizizi ikatwe na nyufa zipigwe chokaa. Kwenye hilo kuna anayepinga?

Mwl_Mstaafu: Kukata mizizi uwe mwangalifu, usiing'oe. Ikiwa ndani ya ukuta ndo inayoshika mawe saa hii, ukivuta unavuta na ukuta. Inakatwa juu, inaachwa ife, halafu chokaa inafuata kidogo kidogo.

FundiChokaa: Hilo nimelipokea mwalimu, ahsante sana. Wengine?

MtuWaMtambwe: Mimi nangoja Kaskazi_A afute neno lake.

Kaskazi_A: Sifuti. Ila mizizi ikatwe.