Nakshi za Tiébélé: zangu zimeyeyuka kwa mvua moja

Mchoraji Mgeni:
Wakuu, habari zenu. Nimependa mno nakshi za nyumba za Wakassena wa Tiébélé, kusini mwa Burkina Faso, hata nikajaribu kuzichora kwenye ukuta wangu wa udongo. Siku nne nzima: pembetatu nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi nimekuta michirizi ya tope, na pembetatu mbili tu zimesalimika chini ya upenu. Roho imeniuma. Wenzetu wanafanyaje zikadumu?

Kopo la Rangi:
Pole sana ndugu. Paka vanishi ya kopo juu yake, kazi imeisha.

Mama Kokoto:
Hapana jamani, msimshauri hivyo. Vanishi inaziba ukuta, unyevu unanasa ndani, kisha rangi inabanduka pamoja na udongo wake.

Mwanangu, niliwahi kukaa Tiébélé siku kadhaa nikiwatazama kina mama wakifanya kazi hiyo, maana kupamba kuta kule ni kazi ya wanawake. Kwanza wanausiriba ukuta upya kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Rangi wanazipaka lipu hiyo ikiwa bado mbichi. Nyekundu ni udongo wenyewe, nyeusi ni grafaiti (madini meusi kama ya ndani ya penseli), nyeupe ni jiwe laini lililosagwa. Mistari myembamba wanaivuta kwa unyoya wa kanga.

Halafu kokoto! Nadhani hapa ndipo ulipokosea. Kila umbo linasuguliwa kwa kokoto laini ya mtoni, polepole, mpaka ling'ae. Mama mmoja alinishika mkono akanionyesha: usikandamize, zungusha. Nilisugua kipande cha ukubwa wa sahani tu, bega likawaka moto hadi jioni. Ukipitisha kidole hapo husikii tena chembe za mchanga.

Mwisho wanachemsha maganda ya matunda ya mti uitwao néré mpaka maji yawe mazito, ya kahawia, wanayarashia ukutani. Yana tanini, kemikali ya asili ya mimea, ndiyo inayoushika udongo usiyeyuke. Na yote haya hufanyika kiangazi, mavuno yakishaisha.

Kopo la Rangi:
Nimejifunza, mama. Yale maumbo yana maana au ni urembo tu?

Mama Kokoto:
Yana maana. Utaona chatu, kobe, mamba, na wavu wa kubebea vibuyu. Nilifurahi mno makao ya kifalme ya Tiébélé yalipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, lakini wanaozilinda kuta zile ni akina mama hao wanaorudi kuzisiriba zinapochakaa.

Mchoraji Mgeni:
Asante sana mama. Mimi nilipaka juu ya lipu kavu, na kokoto sikuigusa kabisa. Nakwangua ukuta wote, nasubiri kiangazi. Safari hii naanza na kipande kimoja kidogo karibu na mlango.

Mama Kokoto:
Vizuri. Tafuta kokoto inayoenea kiganjani, isiyo na ukingo mkali.