SEMINERE YA "BAKIA KWENU": AMENIONYESHA KIDOLE MBELE YA BATU!!!

Mwana_Katuba: Batu ya Lubumbashi, niko na hasira mpaka bukari (ugali) inakataa kupita. Ule mukubwa munamujua, sitaji jina, ule wa kukohoa kwanza kabla hajasema bonjour. Tuliitwa eti proje ya maendeleo, vijana watapata mashini za kushona, miye nikavaa viatu vya Pasaka! Kumbe ni ya kutukataza kwenda Ulaya. Anaweka picha ya mtumbwi umejaa batu baharini, anakohoa, ananionyesha kidole MIYE: "Huyu naye atafia majini." Miye! Hata mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa sijavuka, pasipoti sina, maji nayajua ya ndoo tu. Sali nzima ikacheka. Na watoto wake wote wako Bruxelles! Mashini iko wapi? Nimerudi na tisheti inaweza kufunika msiba mzima. Kile kidole, batu yangu. Kile kidole!

Ya_Mukubwa: Viatu vya Pasaka na bado haujue mambo 😂 Tangu ule mkutano wa Ulaya na Afrika kule Valletta, Malta, 2015 njo vile. Ulaya ilifungua mfuko wa dharura wa Afrika juu ya kupunguza batu kuhama, ukapita euro bilioni 5, makuta (pesa) mengi yalitoka kwenye fungu la maendeleo, mengine yakaenda mpaka kwa walinzi wa pwani ya Libya. Na Kongo haikuwa hata kwenye liste, basi kidole umekula bure.

Mwana_Katuba: Njo inaniuma, kidole cha bure!!!

Mama_Kuku: Wewe unalia kidole? Niger walitunga sheria 2015 ya kukataza kusafirisha wahamiaji, wenye pikapu wa Agadez, njia ya jangwa ya kwenda Libya, wakafungwa na magari yakachukuliwa, wakaahidiwa kazi ingine, wengi wakangoja tu, na wanajeshi wakaifuta ile sheria 2023. Wewe una tisheti. Saizi gani?

Kadogo_Ruashi: Vijana wetu wanaenda Zambia na Afrika Kusini, bahari gani tena? Angeweka picha ya lori.

Fundi_Kenya: Achene. Pesa ya transpo walilipa?

Mwana_Katuba: Kaka, miye naongea kidole

Fundi_Kenya: Sisi tulipewa sikre (soda) moja na tukatia saini mara tatu

Ya_Mukubwa: Saini tatu muntu mumoja?? Hapo batu wawili wamekula jina lako

Fundi_Kenya: EEH!! Naenda kwa ile buro kesho asubuhi

Mama_Kuku: Mwana, tisheti unauza?

Kadogo_Ruashi: Huku umeme umekatika tena, nani ana jenereta nichaji simu?